Sajini Bafuni

Siku mia tatu sitini na nne Sajini ni askari.
Aliwahi kumkuta mwizi wa nguo kwenye kamba yetu hapa Donholm,
mwizi akaondoka na nusu suruali.
Msoma mita ya maji humwamkia yeye kwanza.
Lakini ikifika hii moja,
usiku wa kuagana na mwaka,
askari hujikunja chini ya sinki
akitazama mlango kama mtu asiye na kitambulisho
siku ya msako.

Mwaka jana sikujua.
Wageni waliingia, wageni walitoka,
geti likabaki wazi kama kinywa cha mlevi,
na fataki ya kwanza ilipopasuka upande wa mjini
mbwa wetu akawa upepo.
Siku tatu. Nikampata Pipeline,
nyayo zimechubuka, kola hana,
akala mkate mkononi mwangu bila kunitazama.

Mwaka huu nimejipanga.
Jua likiwa bado lipo nimemtembeza hadi miguu ikasema basi.
Namba ya simu iko kwenye kola, kwa wino usiofutika.
Kwenye geti nimeandika kwa chaki: FUNGA. NAKUONA.
Bizari, paka, yuko chumbani, kabati wazi ajifiche apendapo,
mbali na tepe za zawadi.
Krismasi moja alimeza utepe wa urefu wa mkono,
na daktari kule Kabete akautoa kwa kisu
na bili ambayo hadi leo naiota.

Mifupa ya kuku nimeihesabu kama mweka hazina wa chama.
Mjomba Musembi akapenyeza paja chini ya meza,
nikamdaka mkono.
"Ni mbwa tu, Mwikali. Sisi tulikua nao, wakila kila kitu."
"Na kufikia Pasaka walikuwa wamebaki wangapi, mjomba?"
Akanyamaza. Akatafuna mwenyewe.

Sasa ni saa tano na nusu,
tuko bafuni, mimi na Sajini,
chumba pekee kisicho na dirisha.
Taulo chini ya mlango. Redio ya betri, sauti ya chini,
marudio ya kipindi cha wakulima, bei ya mahindi.
Shida ni kwamba nyumba ina wageni ishirini na sita
na bafu moja.

Shangazi Ndinda anaingia kashika gauni.
"Samahani afande, tazama ukutani."
Na afande anatazama ukutani.
Shemeji anaingia, anatoka, anaacha kipande cha ini,
hakina chumvi, hakina kitunguu, nimekagua.
Kisha mtoto mmoja, hakuwa na haja yoyote,
akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa akauliza,
"Yeye anadhani ni nini?"
Nikafikiri.
Labda anadhani mbingu imekasirika
kwa jambo alilofanya yeye.
Mtoto akainama, akamwambia sikioni:
"Si wewe."

Kumi, tisa, nane, wanahesabu sebuleni.
Halafu honi, sufuria, vigelegele, na ule mngurumo.
Moyo wake juu ya goti langu unakimbia kama cherehani.
Sikuwa na neno la maana.
Nikamtajia tulikopita jioni:
duka la mayai, mtaro, ukuta wa chupa,
kisiki ulichokojolea mara mbili,
duka la mayai, mtaro, ukuta wa chupa.
Mwaka mpya ukanikuta sakafuni,
sketi imelowa, mguu umekufa ganzi.
Sikuona cheche hata moja.

Alfajiri, karatasi nyekundu zimetapakaa barabarani.
Ochola wa nyumba ya tisa anapita polepole,
anaita jina, ananyamaza, anaita,
kamba mkononi, haina shingo.
Nikafungua geti kiasi cha bega, nikatoka, nikalifunga,
nikalisukuma mara mbili kuona kama limeshika.
"Wako alielekea wapi?"
Akaonyesha upande wa reli.
Nikarudi ndani kuchukua mkate.